Gari yako imechukuliwa bila ruhusa: kesi ya wizi, kesi ya kutumia bila idhini, kudai pesa ama kumalizana nyumbani?

Gari niliiacha gereji Ijumaa jioni, ibadilishwe bushi za mbele na breki ziangaliwe, na kabla sijatoa funguo nikapiga picha ya dashibodi manake taa ya injini ilikuwa inawaka na nilitaka kumtumia fundi wa umeme aione. Jumatatu naenda kuichukua nakuta kiti cha dereva kimevutwa mbele, kapeti za nyuma zimejaa mchanga, kwa buti kuna magamba ya samaki yamekaukia, na nikilinganisha na ile picha kilomita zimeongezeka 247. Hiyo ni kama Mombasa Malindi kwenda na kurudi. Bushi ni zilezile za zamani. Fundi ananiambia alikuwa anaijaribu barabarani.

Nikaenda kituo cha polisi nimewaka, nimeshaamua huyu leo analala ndani. Afande wa mezani, mama mtu mzima, akafungua OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, akashika kalamu, halafu hakuandika kitu, akaniuliza: "Unaniambia gari imeibiwa, ama gari imetumiwa?" Nikamwambia mama, tofauti iko wapi, si ni kitu kimoja. Akaweka kalamu chini akanieleza taratibu, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu kweli, mpaka leo namshukuru. Tangu hapo nimeulizwa jambo hili na ndugu, majirani na jamaa kadhaa wanaokodisha gari, ikabidi nikae nisome sheria yenyewe. Naongea sheria ya Kenya, wa kwingine angalieni ya kwenu.

Njia ziko nne na hazifanani hata kidogo kwa kile unachopata mwisho wa siku.

Kesi ya wizi

Naanza na hii kwa sababu ndo neno linalotoka mdomoni kwanza ukiwa na hasira. Kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyeiba gari anaweza kufungwa miaka 7. Ni kosa kubwa la jinai, siyo mchezo. Sasa shida ni kwamba kuchukua bila kuuliza peke yake hakutoshi kuitwa wizi. Kifungu cha 268 kinataka nia ya kudhulumu, na kinazitaja nia zenyewe: ametaka kukunyima kitu chako kabisa kisirudi, ama ametaka kukiweka rehani, ama kukitoa kwa mtu kwa sharti la kurudishwa ambalo huenda asiweze kulitimiza, ama kukifanyia jambo ambalo hakitaweza tena kurudi katika hali aliyokikuta nayo.

Watu wengi wanaijua ile ya kwanza tu, na hapo ndo wanapoachia haki yao. Chukua mfano wa gari ya kukodisha, hii imewapata jamaa zangu wawili: mteja anakodi siku tatu, kitambulisho kipo, deposit kalipa, siku ya nne simu haishikwi, siku ya sita traka imechomolewa, wiki ya pili gari inapatikana imeegeshwa kwa uwanja wa mkopeshaji, imewekwa dhamana ya laki mbili. Ukimshika anakwambia mimi sijaiuza, nilikuwa nailipia nikurudishie. Hiyo haimsaidii. Kuiweka rehani gari isiyo yake tayari iko kwenye orodha ya sheria, haijalishi moyoni alipanga kuikomboa lini. Hapo usibembeleze, hapo ni wizi na ripoti yake uiandikishe siku hiyohiyo.

Vilevile fundi aliyechomoa geaboksi yako nzima akaweka mbovu. Gari ipo lakini geaboksi imeibiwa, hiyo nayo ni wizi wa kitu chenyewe alichochomoa. Tafuta risiti za zamani na namba za vipuri kama unazo.

Lakini kama gari imerudi, nzima, na funguo zake, na mtu hakuificha, kumthibitishia wizi mbele ya hakimu ni mlima. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe mpaka isibaki shaka ya maana, na wakili wake atauliza swali moja tu: kama alikuwa anaiba mbona ameirudisha Jumatatu asubuhi ikiwa na mafuta? Utabaki umesimama pale.

Kuna mambo mawili ya wizi ambayo watu hawaambiwi mapema. La kwanza, gari yako ni kielelezo cha kesi, kwa hiyo inaweza kushikiliwa kituoni. Tembea vituo vyetu uone magari yanavyoozea juani, matairi yameisha upepo, kioo kimepasuka na mwenyewe bado anasubiri tarehe ya kusikizwa. Unaweza kuomba mahakama gari ipigwe picha urudishiwe, na mara nyingi wanakubali, lakini uombe mapema, usingoje kuambiwa. La pili, kesi ikishafika kortini siyo yako tena, ni ya mkurugenzi wa mashtaka, wewe ni shahidi. Hata mkipatana na mtu wako, kuiondoa kunahitaji idhini na huenda usiipate kwa wakati unaoutaka.

Na tafadhali usiongeze chumvi. Ukijua kabisa kwamba binamu yako ameenda nayo mazishi na atarudi jioni, ukaenda kuandikisha kwamba umenyang'anywa na watu usiowajua ili polisi waharakishe, umempa afisa wa serikali habari ya uongo, na kifungu cha 129 kinakungoja wewe mwenyewe na adhabu yake inafika miaka 3. Juu ya hiyo binamu anaweza kukushtaki baadaye akudai fidia kwa kumshtaki kwa nia mbaya.

Kesi ya kuchukua na kutumia bila idhini

Hii ndo ile afande alikuwa ananielekeza. Kifungu cha 294, na ni kama kiliandikwa kwa ajili ya yule fundi wangu: mtu aliyechukua chombo cha watu kinyume cha sheria, bila haki yoyote, akakitumia kwa shughuli zake au za mwenzake, lakini siyo kwa namna ya kuwa mwizi. Kinataja gari, baiskeli, chombo cha majini, hata mnyama wa kupanda au wa kukokota. Kwa hiyo mwenye punda wa mkokoteni Lamu yumo, mwenye boda yumo na mwenye mtumbwi yumo.

Kifungo chake ni miezi 6 ama faini, ama vyote, na faini yenyewe ni ya zama zile, leo haijazi hata nusu tenki. Ukiiangalia kwa jicho la adhabu utasema ni dharau kwa mwenye gari. Nilisema hivyohivyo. Lakini angalia upande wa kuthibitisha: huhitaji kuonyesha alitaka kukunyima gari kabisa. Unahitaji kuonyesha gari ni yako, hukumpa ruhusa, na aliitumia. Picha yangu ya dashibodi ya Ijumaa na ya Jumatatu, kadi ya kazi ya gereji iliyoandikwa "bushi na breki", na jirani wa gereji aliyeona gari ikitoka Jumamosi asubuhi. Yaani hapo kazi imekaribia kwisha.

Na kuna faida nyingine kubwa kuliko zote. Kwa sababu hili ni kosa dogo, kifungu cha 176 cha Kanuni ya Utaratibu wa Jinai kinamruhusu hakimu kuwapatanisha, mtu akulipe fidia kwa masharti ambayo korti imeyakubali, mambo yakaishia hapo. Kifungu hicho kinafunga mlango kwa makosa makubwa, na wizi ni kosa kubwa. Kwa hiyo ukiandika "wizi" kwa hasira, hii njia ya kulipwa na kupatana mbele ya hakimu umeifunga wewe mwenyewe.

Utetezi wake utakuwa nini? Mara nyingi atasema alidhani ana ruhusa. Na siyo maneno matupu, kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinamlinda mtu aliyeamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali ile. Kama miaka miwili mdogo wako amekuwa akichukua funguo kwenye msumari nyuma ya mlango bila kuuliza na wewe umenyamaza, ukikasirika mara moja tu ndo ukimbilie polisi, atasema alizoea hivyo na ataaminika. Ukitaka kukataza kataza kwa meseji, iandikwe, "kuanzia leo gari isitoke bila kuniuliza". Meseji hiyo moja siku ya kesi itakufaa kuliko mashahidi watatu.

Ukiziweka hizi mbili ubavu kwa ubavu, mimi naona hivi. Gari haijulikani iko wapi, imewekwa rehani, imebadilishwa namba, imechinjwa vipuri: nenda na wizi, usipoteze hata saa moja. Gari inajulikana iko wapi au imesharudi, na aliyeitumia unamjua kwa jina: nenda na 294, utapata uamuzi haraka zaidi na mlango wa kulipwa unabaki wazi. Ikiwa huna uhakika, eleza afande mambo kama yalivyotokea, saa kwa saa, usilitaje kosa kwa jina, yeye na mwendesha mashtaka watachagua kifungu. Hilo nalo ni sawa kabisa.

Kudai pesa

Watu wengi wanaonijia, nikiwauliza polepole unataka nini hasa, hawataki mtu afungwe. Wanataka bampa ilipwe. Na kesi ya jinai, hata mtu afungwe, si ajabu usione shilingi. Ni kweli korti inaweza kumwamuru aliyepatikana na hatia akulipe fidia, lakini usiende kortini ukitegemea hilo.

Kwa pesa iko Mahakama ya Madai Madogo, ile ya sheria ya 2016. Kiwango chake ni hadi shilingi 1,000,000, inasikiliza madai ya mali iliyoharibiwa na hata kurudishiwa kitu kinachohamishika kama gari yenyewe. Unajisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria imeweka siku 60 tangu kufungua mpaka uamuzi. Hakuna ukali wa taratibu kama korti nyingine, unaeleza kwa lugha yako unaeleweka. Kitu kimoja ukijue: rufaa yake ni ya hoja za kisheria tu, kwa hiyo ushahidi wako ulete wote siku hiyo, usiseme nyingine nitaileta mbele. Hasara ikizidi milioni unaenda kwa mahakama ya hakimu, ambapo hakimu mkazi anafika milioni 5 na hakimu mkuu milioni 20.

Huku kipimo cha ushahidi ni chepesi, ni kipi kinaaminika zaidi ya kingine, basi. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiliwa kwenye jinai na bado akakulipa kwenye madai. Na huhitaji kungoja moja iishe ndo uanze nyingine, kifungu cha 193A cha Kanuni ya Utaratibu wa Jinai kinasema kesi ya madai haizuii ya jinai. Ila muda unao mwisho: kwa uharibifu wa namna hii ni miaka 3, kwa mkataba kama ule wa kukodisha ni miaka 6. Usikae ukangoja mtu "apate pesa" mpaka saa ikugonge.

Udhaifu wake? Uamuzi siyo pesa. Kama fundi hana kitu, hana akaunti, anaishi kwa mama yake, utashinda na utabaki na karatasi. Kabla ya kulipa ada ya kufungua jiulize mtu huyu ana nini cha kukamatwa. Mara nyingi anayefaa kushtakiwa ni mwenye gereji, kwa sababu yeye ndo uliyemkabidhi gari na kadi ya kazi ina jina la gereji yake.

Kumalizana nyumbani

Hii ndo niliyoishia mimi, na siyo kwa woga. OB niliandikisha, "imetumiwa bila ruhusa", nikapewa namba, nikaipeleka kwa mwenye gereji nikamwonyesha na zile picha mbili. Tulikaa kwenye benchi lake la mbao hapo nje, yeye, mimi, fundi na mzee mmoja wa mtaa, tukaandika: bushi na kazi yake bila malipo, mafuta ya kilomita 247, kuoshwa gari ndani nje, na elfu nane za usumbufu kwa awamu mbili. Wote tukatia sahihi na namba za vitambulisho. Zote zililipwa kwa simu, kwa hiyo rekodi ipo.

Ukilinganisha na korti nilipoteza siku moja na nusu. Lakini mapatano ya mdomo tu siyapendi, nimeona yakivunjika mara nyingi sana, mtu analipa elfu moja ya kwanza halafu anahama mtaa. Andikeni. Andikeni tarehe za malipo, na andikeni kwamba asipolipa utaenda madai. Katiba yenyewe kwenye ibara ya 159 inahimiza upatanisho, kwa hiyo usione haya mbele ya wanaokwambia umekuwa mnyonge. Ila msaini kabla ya kesi kufunguliwa, na usiandike kamwe "nikilipwa sitatoa ushahidi", hiyo ni shida nyingine kabisa.

Na inategemea ni nani

Dereva uliyemwajiri, ambaye Jumapili amebeba jamaa zake na gari ya kazi: mimi singeanza na polisi, ningeanza na sheria ya ajira ya 2007. Kumfukuza papo hapo inawezekana kama kosa ni kubwa, lakini kifungu cha 41 kinataka umsikilize kwanza, kwa lugha anayoielewa, na mwenzake wa kazini awepo. Ukiruka hiyo hatua yeye ndo atakushtaki na atashinda hata kama gari alichukua kweli. Kukata mshahara kwa uharibifu aliofanya makusudi kunaruhusiwa, kiasi cha haki, na makato yote yakijumlishwa yasipite theluthi mbili ya mshahara.

Mke au mume: achaneni na kituo cha polisi. Gari iliyonunuliwa ndani ya ndoa, hata logibuku ikiwa na jina la mmoja, sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inaanza na dhana kwamba anamshikia na mwenzake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hakimu hatamwita mwizi mtu anayeendesha kitu ambacho huenda nusu ni chake.

Gari ya marehemu ndo inavunja familia nyingi. Mzee amezikwa Jumamosi, Jumatatu kijana wa kwanza anaiendesha, wa pili anasema imeibiwa. Hapo kuna kifungu chake maalum, cha 45 cha sheria ya urithi, kinachokataza mtu yeyote kugusa mali ya marehemu kabla hajapewa mamlaka na korti, na adhabu ni faini isiyozidi 10,000 ama kifungo kisichozidi mwaka 1, ama vyote. Kinamhusu hata mtoto wa kwanza, hata mjane. Mara nyingi barua ya wakili inayokitaja tu inatosha funguo kuwekwa mezani.

Ikiwa imegonga mtu

Hapa usichague taratibu, hapa kimbia. Sheria ya barabarani inamchukulia mwenye jina kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Karisa na Solanki ya 1969 ilisema kwamba gari ikileta madhara kwa uzembe, dhana ni kwamba aliyekuwa anaendesha ni mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa makosa yake. Kesi hiyo bado inatajwa kortini mpaka leo. Yaani aliyevunjwa mguu atakushtaki wewe, na ni wewe wa kuleta ushahidi kwamba yule hakuwa mtu wako na hakuwa kwenye shughuli yako.

Na sasa ile OB inageuka kuwa kitu cha thamani. Ripoti uliyoandikisha saa tatu asubuhi, kwamba gari haiko na hukuruhusu mtu, kabla ya ajali ya saa sita, inaongea yenyewe. Ukiiandikisha kesho yake baada ya kusikia kuna majeruhi, wakili wao ataisoma ile tarehe kwa sauti kubwa. Kampuni ya bima nayo ipigie siku hiyohiyo, na usome mkataba wako kuhusu nani anaruhusiwa kuendesha na wanasemaje kama gari imechukuliwa na mtu uliyemkabidhi funguo wewe mwenyewe, kama fundi au muosha magari, manake mikataba mingi haiiti hiyo wizi na hawalipi.

Ukiandikisha hakikisha afande ameandika saa, siyo tarehe peke yake, na uondoke na namba ya OB mkononi.